Chupa ya Gesi Iliyoazimwa

Watu wakisikia kwamba nilistaafu nikiwa fundi wa majaketi okozi, na kwamba kazi yenyewe niliifanyia Shinyanga mjini, mtaa wa Ngokolo, hunitazama usoni kwanza waone kama nawatania. Siwalaumu. Shinyanga ya miaka ya tisini tulikuwa tunapanga ndoo foleni kusubiri maji ya bomba, na mtu akikwambia ana vazi la kumzuia asizame, ungemuuliza azame wapi. Lakini kazi niliifanya, kwa mikono hii mnayoiona. Nanyi vijana mnaokwenda kazini ziwani siku hizi, mnaovaa jaketi kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika simu, kaeni hapa kidogo nina maneno nanyi.

Jaketi mnalolijua wengi ni lile nene la sponji, limetuna kama mto wa kulalia. Langu mimi lilikuwa jembamba, linakaa shingoni na kushuka kifuani, na mtu anaweza kuinama, kubeba mzigo na kuvuta tanga akiwa amelivaa. Ndani ya ganda lake mna puto lililokunjwa, mna chupa ndogo ya chuma yenye gesi iliyoshindiliwa, na mna kidonge. Ukianguka majini kidonge kinayeyuka, kinaachia springi, springi inasukuma sindano, sindano inatoboa chupa, na puto linajaa kabla hujamaliza kumwita mama yako. Kidonge kikigoma, kuna kamba ya kuvuta. Kamba nayo ikigoma, kuna mrija wa kupuliza kwa mdomo. Huo mrija nitaurudia, kwa hiyo msiusahau.

Niliingiaje huko? Kwa cherehani. Nilikuwa nashona mahema na maturubai katika duka la Mzee Hasmukh, Mhindi aliyezaliwa palepale Shinyanga na aliyekuwa akiamkia wateja kwa Kisukuma kizuri kuliko changu. Kampuni moja ya kutafuta dhahabu, iliyokuwa na ofisi yake mjini, ilikuwa inaleta kwetu mahema yake yaliyochanika. Kampuni hiyo ilikuwa na kambi Geita, ukingoni mwa ziwa, na watu wake walikuwa wanavuka kwenda visiwani na kwenye rasi kuchukua mifuko ya udongo wa kupimwa. Injini za boti zilikuwa zinawasumbua na mafuta hayapatikani kila siku, basi wakakodi mashua ya tanga ya Nahodha Bwire, mtu wa ziwani hasa. Siku moja pamoja na mahema wakaleta na majaketi. Mzee Hasmukh akaligeuza moja huku na huku, akanitazama juu ya miwani.

"Mama Limi, hili nalo lina mshono. Kwa hiyo ni lako."

Nikamuuliza, "Na hicho chuma ndani?"

"Hicho tutajifunza wote wawili," akasema.

Tukajifunza. Somo la kwanza nililipata kwenye beseni. Majaketi yalikuwa yamejaa vumbi jekundu, na mimi nimelelewa kwamba kitu chenye vumbi kinafuliwa. Nikachanganya sabuni, nikalitumbukiza la kwanza. Nilisikia mlio kama tairi linapasuka, beseni likapinduka, povu likanifika kwenye kilemba, na kitu cha rangi ya chungwa kikaniinukia mikononi kama kinataka kunikaba. Kuku wa jirani hawakurudi uwanjani siku ile. Mzee Hasmukh alitoka ndani mbio, akaniona nimekumbatiana na lile puto, akacheka mpaka akavua miwani kujifuta macho.

"Vizuri," akasema alipopata pumzi. "Sasa tunajua kwamba linafanya kazi."

Sijawahi kupata bosi mwingine wa namna hiyo. Hakunikata mshahara wala hakunikumbusha tena, ila kila mgeni aliyefika dukani alisimuliwa.

Basi shikeni hili. Kabla hujafua, toa kidonge, fungua chupa, weka kando. Fua kwa maji matupu, anika kivulini, maana jua la Shinyanga linakausha kitambaa mpaka kinakatika kama jani la tumbaku. Likikauka, lijaze pumzi kwa mrija, liache lilale limejaa hadi kesho yake. Ukilikuta limelegea, paka povu la sabuni kwenye mishono na kwenye mrija, utaona viputo vinakuonyesha palipotoboka. Chupa uitazame shingoni: iliyotumika ina tundu, nzima haina. Ukiirudisha, ikaze kwa vidole mpaka igome, usiweke koleo. Vidonge vihifadhi kwenye chupa ya kioo yenye mchele mkavu na kifuniko kinachobana, hasa masika, maana hewa yenye unyevu inatosha kukiyeyusha kidonge. Na safarini hivi vitu vitatu, jaketi, chupa na kidonge, visipande gari vikiwa vimeungana. Utaviunganisha ukifika.

Hilo la mwisho tulijifunzia barabarani. Kulikuwa na kizuizi cha polisi njia ya Geita, na askari wa maeneo ya dhahabu siku zile walikuwa wanatafuta baruti za kulipulia miamba. Pikapu ya kampuni ikasimamishwa, mimi ndani na majaketi yangu, wakati huo nilikuwa bado nasafiri nayo yakiwa yameungwa tayari. Askari mmoja akalichukua moja, akalivaa, akajipinda kuwaonyesha wenzake.

"Mama, hiki ni kizibao cha harusi?"

"Ni jaketi okozi, afande. Naomba usiguse hiyo kamba."

Nisingesema ingekuwa afadhali. Mwenzake aliyekuwa nyuma yake akauliza, "Kamba ipi? Hii?" Akaivuta. Afande alipaa hatua nzima, kofia ikaanguka, shingo ikabanwa na puto mpaka macho yakamtoka. Dereva wetu alijifanya anatafuta kitu chini ya usukani, lakini mabega yalikuwa yanamtikisika. Mimi nilibaki macho makavu, nikamfungulia kifungo cha kifuani, nikamwambia, "Pole, afande. Sasa hata ukianguka kisimani utaelea." Tangu siku hiyo pikapu yetu ilipita pale kwa kupungiwa mkono tu.

Sasa niwaambie kuhusu Shija, kwa sababu bila yeye haya yote ni vichekesho tu.

Shija ni mdogo wangu wa mwisho. Mimi ndiye niliyemwombea kazi ya kubeba mifuko ya udongo pale kambini ziwani. Mama yetu hakuipenda. Sisi ni watu wa ng'ombe na pamba; maji mengi tuliyokuwa tumeyaona ni ya lambo, na hata humo tuliingia mpaka magotini. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kuogelea. Siku namchukua, mama alimshika mkono Shija lakini maneno akaniambia mimi.

"Limi, mwanao, sijamgusa. Huyu wangu umempeleka majini wewe. Utanirudishia."

Nikamwambia nitamrudisha. Na kila nililolifanya kwenye yale majaketi tangu siku hiyo, nilifanya nikimwona Shija amevaa. Hata mishono yangu ilinyooka zaidi.

Turudi kwenye chupa. Gesi haionekani, na chupa iliyovuja na chupa iliyojaa ukizishika mkononi huwezi kuzitofautisha. Kitu pekee ni kuipima. Kila chupa kiwandani hupigwa chapa ya uzito wake ikiwa imejaa, hapohapo kwenye chuma. Ikipungua, gesi imetoka, na hiyo usimvalishe mtu. Mizani ya dukani kwetu ilikuwa ya misumari, haijui gramu. Kwa hiyo kabla ya kila safari nilikuwa nakwenda posta kwenye mizani ya barua. Karani alishanizoea. Mara ya kwanza aliniuliza, "Mama, hizi unazituma wapi?" nikamjibu, "Sizitumi, nataka tu kujua kama zimeshiba."

Lakini Mzee Hasmukh alikuwa na wasiwasi wa njia. Barabara za wakati ule zilikuwa mashimo matupu, na alisema mtikisiko unaweza kulegeza chochote. Akataka nipime tena nikikaribia kufika. Sasa upime wapi gramu katika nchi ile? Kwa mnunuzi wa dhahabu.

Ndivyo nilivyojikuta Masumbwe, senta ya wachimbaji iliyo njiani, kwenye banda la mnunuzi mmoja, nimesimama foleni pamoja na wachimbaji. Wao wameshika vikaratasi vyenye punje za dhahabu, mimi nimeshika mfuko wa chupa za chuma. Zamu yangu ikafika. Mnunuzi akaweka chupa ya kwanza upande mmoja, mawe yake ya uzani upande wa pili. Imepungua. Ya pili imepungua. Zote zimepungua.

Niliona majaketi yote yamekufa, niliona Shija majini na jaketi lililokufa.

Mnunuzi akanipa pole. "Vyuma vyako vimekonda njiani, mama."

Nyuma yangu kulikuwa na mchimbaji mmoja, mrefu, tope limemkaukia hadi kwenye nyusi. Akauliza kwa sauti ya mtu asiye na haraka, "Na vyote vimekonda sawasawa?"

Nikatazama. Vyote sawasawa. Nilikuwa nimezipima posta juzi yake, zikawa nzima. Gesi ikivuja haivuji kwa mapatano. Moja ingevuja sana, nyingine kidogo, nyingine isivuje kabisa. Zikipungua zote kwa kiasi kilekile, cha kutazamwa si chupa. Nikamtazama mnunuzi, yeye akatazama mawe yake ya uzani. Foleni nzima ikaanza kuongea kwa pamoja.

Sikusubiri kuona mwisho wake. Nilikusanya chupa zangu nikatoka nje, nikakaa kwenye kizingiti cha duka la jirani, nikashusha pumzi mpaka nikahisi njaa. Chupa zilikuwa nzima. Hilo tu ndilo nililotaka kujua. Ndani ya banda walikuwa wanapiga kelele kuhusu dhahabu yao, na mimi nje nilikuwa nacheka peke yangu kama mtu aliyepona homa.

Habari ile ilinitangulia kila nilikokwenda. Wachimbaji wanahama, leo yuko Masumbwe, kesho amesikia kuna mwamba umetema kwingine. Nikawa nikishuka kwenye pikapu senta yoyote, nasikia, "Mama wa chuma amefika!" Wanataka niingie nao kwa mnunuzi, tuweke chuma kwenye mizani, tuone kinasemaje. Niliwakubalia nilipopata nafasi. Wanunuzi wengine wakaanza kunisalimia kwa heshima ya ajabu, wengine wakafunga mabanda wakiniona.

Shija naye kambini alijivunia jina hilo. Na hapo ndipo mambo yalipotaka kuniharibikia.

Mkewe Shija alikuwa na kaka yake, Maganga, mchimbaji, mwenye duara lake, yaani shimo la dhahabu, si mbali na kambi. Maganga alikuwa mtu mpole, wa kuonewa. Alikuwa na hakika kwamba mnunuzi wa senta yao anampunja, ila hana cha kumbana nacho. Msimu mmoja nikapeleka majaketi kambini kama kawaida. Jioni niliyaunganisha mbele ya watu wote, kidonge, chupa, ganda, nikayatundika kwenye hema la vifaa. Kisha nikawafanyisha zoezi langu wasilolipenda. Kila mtu avae jaketi lililoachwa bila chupa, alale chali mchangani, atafute mrija bila kutazama, apulize mpaka puto lijae.

Walilalamika kila mara. "Mama Limi anatupulizisha maputo kama watoto wa sikukuu." Nahodha Bwire mwenyewe alikuwa anapuliza huku amenuna. Shija ndiye aliyekuwa mvivu kuliko wote.

"Dada, kama kidonge kipo na kamba ipo, mrija wa nini?"

"Wa mama," nikamwambia. "Puliza."

Akapuliza. Nikamwambia bado limelegea, apulize tena. Akanitupia jicho baya, lakini akalijaza.

Baada ya hapo nilikwenda kulala. Maganga alikuwa amekuja kumsalimia shemeji yake, na niliwaacha wakiongea. Sikujua wanaongea nini. Kumbe Maganga alikuwa anaomba chuma. Kesho angeuza, na alitaka akiingia kwa mnunuzi awe nacho mfukoni. Shija angeweza kunijia mimi. Lakini alijua nisingekubali chupa itoke kwenye jaketi lililokwisha kufungwa, na kumkatalia kaka wa mkewe aliona aibu. Nyinyi mliooa mnajua uzito wa shemeji anayekuomba kitu kidogo na kinaonekana kipo. Akaingia hemani. Hakugusa la mwenzake, hilo nampa haki yake. Akafungua jaketi lake mwenyewe, akatoa chupa, akafunga ganda vizuri, akampa Maganga. Ziwa lilikuwa limetulia. Kesho jioni kingerudi, na nani angejua.

Asubuhi wakapanda mashua. Nilipita nikivuta mikanda, kila mtu kifuani na mapajani, nikaridhika. Wakaondoka.

Nilikuwa mwaloni, pale mitumbwi inapopaki na dagaa wanapoanikwa, wakati wanarudi alasiri. Mashua ilikwisha kuonekana, tanga limejaa, mifuko ya udongo imewapa uzito. Upepo ukageuka ghafla, wa kutoka upande wa mvua. Tanga likahama upande mmoja hadi mwingine, mashua ikalala ubavu, ikaendelea kulala. Wanawake wa dagaa walipiga kelele kabla yangu. Wavuvi waliokuwa wanashona nyavu wakakimbilia mitumbwi.

Mimi sikuweza kukimbia wala kupiga kelele. Nilikodoa macho kwenye maji. Rangi ya chungwa ikafunguka, moja. Nyingine ikafunguka. Nyingine. Kwa kila moja nilisikia moyo wangu ukisema, "Haya." Kisha nikaona kichwa kimoja hakina rangi. Kiko juu, kinazama, kiko juu. Mbali vile huwezi kujua kichwa ni cha nani. Mimi nilijua.

Nilichokifikiria wakati ule si sala. Nilifikiria mshono. Nilijiuliza ni mshono gani niliouacha, ni chupa ipi niliyoikosea, nikawa napita moyoni jaketi moja baada ya jingine na sikuona kosa, na kichwa kile kinazama na kuibuka. Rangi moja ya chungwa ikakisogelea, ikakishika. Baadaye niliambiwa ni Bwire.

Halafu pembeni ya kichwa kile nikaona kitu. Kidogo sana mwanzoni, nikadhani nimejidanganya. Rangi ya chungwa ikachomoza shingoni, ikasimama, ikaongezeka, ikasimama tena, inaumuka taratibu kama unga wa maandazi. Puto la gesi haliumuki hivyo, lile hulipuka. Hili lilikuwa linajazwa na mtu. Mtu mwenye pumzi. Nilikaa chini kwenye dagaa wa watu na nikalia kwa sauti, na mama mmoja akanishika mabega akiniambia bado, bado, subiri, naye hakujua kwamba mimi nilikwisha kuona ninachokitaka.

Mitumbwi iliwaleta wote. Wote wazima, wamelowa, Bwire anatukana upepo kwa lugha yake. Shija alishushwa wa mwisho. Alikuwa amesimama kwenye mchanga, maji yanamtiririka, jaketi limejaa mpaka limebana mashavu, na mrija bado uko mdomoni. Anapuliza.

"Shija," nikamwambia, "umefika."

Akatikisa kichwa, akapuliza.

"Shija mdogo wangu, huu ni mchanga. Tazama chini."

Akatazama chini, akapuliza tena. Watu wakaanza kucheka, kile kicheko cha watu waliotoka kuogopa. Bwire akasema, "Mwache, Mama Limi. Ametoka mbali na huo mrija."

Nikamsogelea, nikaushika ule mrija polepole kama unavyomtoa mtoto titi, ukatoka. Akabaki na mdomo wazi. Nikafungua ganda kutafuta kosa langu. Pa chupa palikuwa patupu, safi, hata sindano ilikuwa imejitokeza na haikupata cha kutoboa.

"Chupa iko wapi?"

"Nilimwazima shemeji," akasema. Sauti ilikuwa imekauka kabisa. "Dada, nilivuta kamba. Ikaja tu mkononi. Nikasikia 'ta', halafu kimya. Nikamkumbuka mama."

Nilikuwa na matusi ya kumtosha mwaka mzima. Sikuyapata hata moja. Nilimkumbatia na lile puto katikati yetu, likanibana, nikacheka, nikalia, sijui kipi kilitangulia. Si mara nyingi binadamu anapewa nafasi ya kumshika mkononi mtu ambaye tayari alikuwa ameshaanza kufikiria atamzikaje. Mimi nilipewa.

Kesho yake Maganga akatokea na baiskeli, uso umechangamka, hana habari na lolote.

"Shikamoo, dada! Asante, wabeja sana! Chuma chenu jana kimefanya kazi kubwa. Mnunuzi alipokiona tu alibadilisha mawe ya uzani mwenyewe, bila kuombwa!"

Akakitoa mfukoni, amekifunga kwenye kitambaa kisafi. Shija alikuwa amekaa juu ya ndoo anakunywa uji. Akakipokea, akakitazama pande zote.

"Shemeji," akasema, "jana na mimi nilikuwa nakihitaji kidogo."

Watu wa kambi walicheka mpaka uji ukamwagika. Maganga alipoelezwa sababu ya kicheko, akakaa chini palepale kando ya baiskeli yake. Ilibidi Shija ndiye aanze kumbembeleza, "Basi shemeji, basi, si unaniona nipo?"

Nami nilikuwa nimekwisha kufikiri usiku mzima. Kumkaripia Maganga ni rahisi, lakini wachimbaji wangeendelea kupunjwa na wangeendelea kutamani chuma, na siku nyingine atakayeombwa hatakuwa na pumzi kama Shija. Sasa zile chupa zilizotobolewa jana majini zilikuwa zimebaki tupu. Kwa maji hazina kazi tena. Nikazikusanya, nikarudi nazo Shinyanga, nikamwambia karani wa posta safari hii hizi zina njaa, tupime hivyohivyo. Mzee Hasmukh akachukua msumari akachora kwenye kila moja uzito wake mpya, akapaka rangi nyeupe shingoni ili zisichanganyike na nzima. Safari iliyofuata nikazigawa, ya kwanza kwa Maganga, nyingine Masumbwe na kwingineko. Chuma cha mizani kikawa na njia yake, na cha jaketi kikakaa kwenye jaketi.

Siku hizi najua mambo yamebadilika. Mizani ina betri, majaketi mengine yana kioo kidogo chenye alama ya kijani kinachokuonyesha kama chupa ipo na imekazwa. Vizuri sana, ningekipata kile kioo wakati ule ningekibusu. Lakini alama haimsaidii asiyetazama. Ukikabidhiwa jaketi, usianze na asante. Fungua ganda mbele ya anayekupa, hata akinuna. Tia vidole, ishike chupa, izungushe uone imegoma. Fungua tena asubuhi ya safari, hata kama ulikagua jana, kwa sababu kati ya jana na leo kuna shemeji. Halafu tafuta mrija umefumba macho, ulale chini, upulize. Wakikucheka, wacheke, wanapata mazoezi ya pumzi.

Mama yetu nilimrudishia mtu wake. Hatukumwambia habari hii hadi miaka mingi baadaye, na alipoisikia aliniuliza jambo moja tu, kama Shija alipuliza vizuri.

Shija sasa ni mtu mzima mwenye wajukuu, anakaa mtaa wa Kambarage, anakuja kwangu Ngokolo kila Jumapili. Lile jaketi kampuni ilipoondoka niliomba niachiwe, nimelitundika nyuma ya mlango, na chupa iliyoazimwa iko ndani yake. Anaingia, ananiamkia, "Shikamoo, dada," naitikia. Wajukuu wanamletea kiti. Hakai. Anakwenda kwanza nyuma ya mlango, anafungua ganda, anatia vidole viwili.

"Ipo," ananiambia. Ndipo anakaa.